KOMPYUTA IKIKATAA, USIKIMBIE
(Mazungumzo kwa vijana na wazazi)



Maneno haya nimeyaandika ili na wewe ambaye hukuwepo uyasome nyumbani, kisha umpe mdogo wako baada ya futari. Maudhui yetu ni haya: mtu anayeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta, anajifunza vipi kuvumilia? Na anajifunza vipi kujitatulia matatizo mwenyewe, bila ya kushikwa mkono kila hatua?

Najua yuko atakayesema, "Aa, mimi kompyuta si kazi yangu." Ngoja kidogo, mwenzangu. Programu ni nini? Ni maagizo tu, yameandikwa mstari kwa mstari, na mashine inayafuata. M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwaka 2007, nyuma ya ile menyu tunayobonyeza palikuwa na maagizo yaliyoandikwa na watu. Na watu hao nao walianza siku moja, hawajui lolote. Hakuna aliyezaliwa anajua.

Sasa tuseme ukweli. Vijana wanaoanza ni wengi, wanaobaki ni wachache. Mzazi amelipa karo ya kozi, pengine mama amevunja kibubu ili laptopu ipatikane. Wiki ya kwanza ni furaha: kijana ameandika mstari mmoja, skrini imetoa jina lake, nyumba nzima imeitwa kuja kuona. Wiki ya tatu laptopu imefungwa, iko juu ya kabati. Ukimuuliza anakwambia, "Mimi sina kichwa cha mambo haya." Na ubaya zaidi, nyumba nzima inamwamini! Hapo ndipo tunapompoteza mtu. Aghlabu si kwamba hana akili. Amefundishwa amri za kompyuta, lakini hakuna aliyemfundisha afanye nini anapokwama.

Basi leo tuzungumze juu ya kukwama.

KUKWAMA NDIYO KAZI YENYEWE

Jambo la kwanza uliweke moyoni: kukwama si dalili kwamba umeshindwa. Ndiyo kazi yenyewe.

Mwaka 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza, mashine moja iitwayo EDSAC ilianza kufanya kazi. Ilikuwa miongoni mwa kompyuta za mwanzo kabisa duniani. Aliyeongoza kazi hiyo ni Maurice Wilkes. Baadaye alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi wazo lilivyomjia ghafla siku moja akiwa kwenye ngazi: kwamba sehemu kubwa ya umri wake uliobaki itakwenda katika kutafuta makosa ndani ya programu zake mwenyewe. Hebu fikiria. Huyu ndiye aliyeiunda mashine! Na hakuiacha. Mwaka 1967 alipewa Tuzo ya Turing, ambayo ndiyo heshima kubwa katika taaluma ya kompyuta.

Mwaka 1947, huko Harvard, Marekani, mafundi wa kompyuta iitwayo Mark II walikuta nondo amenasa ndani ya mashine. Nondo kweli, yule mdudu anayezunguka taa. Walimtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi. Kwa Kiingereza kosa la programu huitwa mdudu, na jina hilo lilikuwepo hata kabla ya siku ile, ndiyo maana waliona ni kichekesho. Lakini tazama walivyofanya: hawakusema mashine ina mkosi. Walifungua, wakatafuta, wakapata, wakaandika.

Na usidhani wakubwa wamepona makosa. Mwaka 1999 shirika la anga la Marekani, NASA, lilipoteza chombo kilichofika sayari ya Mars kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa hesabu kwa vipimo vya Kiingereza, na upande wa pili ukazipokea kana kwamba ni vipimo vya metriki. Wataalamu wazima! Sasa wewe, wiki yako ya tatu, ukisahau alama moja ya mabano, ndiyo ujiite mjinga?

KOSA NI BARUA, ISOME

Anayeanza akiona maandishi mekundu kwenye skrini, macho yanaruka. Anaona kama kompyuta inamgombeza. Anafuta kila kitu, anaanza upya, au anampelekea rafiki picha: "Nisaidie, imekataa."

Ndugu yangu, ile ni barua umeandikiwa wewe. Isome.

Nichukue mfano wa lugha ya Python, kwa sababu wengi huanzia hapo. Kosa likitokea, Python huandika mistari kadhaa. Anza kusoma chini kabisa. Mstari wa mwisho unakwambia ni kosa la aina gani, na juu yake kidogo kuna namba ya mstari ambako mashine ilikwama. Hayo mawili peke yake, aina na mahali, ni nusu ya dawa. Ukiambiwa jina fulani halijulikani, tazama ulivyoliandika. Kwa Python, Jumla yenye herufi kubwa na jumla yenye herufi ndogo ni majina mawili tofauti, kama Mwanaisha na Mwanaidi. Na ukiambiwa kosa liko mstari wa 12 na wewe mstari wa 12 unauona hauna ila, tazama wa 11. Huenda kuna mabano uliyafungua huko ukasahau kuyafunga.

Wewe uliyepita madrasa unalijua jambo hili. Ulianza na hijai, herufi moja moja, kijiti mkononi. Hukuruka. Na maalim alipokusimamisha kwenye herufi, hukukimbia chuo. Ulirudia herufi ile mpaka ikakaa. Kusoma ujumbe wa kosa ni hijai mpya. Mara ya kwanza utachukua robo saa kuelewa mstari mmoja. Mara ya kumi, utautambua kabla hujamaliza kuusoma.

LINALOSEMA UWONGO KIMYA KIMYA

Yako makosa mengine hayapigi kelele. Haya ndiyo yanayokomaza mtu.

Tuchukue mfano. Dada yako anauza mahamri na viazi karai mwezi huu. Unataka kumwandikia programu ndogo: anaingiza mauzo ya alasiri, anaingiza mauzo ya usiku, programu inajumlisha. Unaandika:

jumla = alasiri + usiku

Anaingiza 450, kisha 300. Wewe unangoja 750. Skrini inaandika 450300!

Hapana maandishi mekundu. Hapana barua. Kompyuta imetoa jibu na uso mkavu. Hapa mwenye pupa anaanza kubahatisha: anabadilisha hiki, anafuta kile, anaongeza alama, na baada ya nusu saa hajui tena programu ilikuwaje. Huko si kuvumilia. Kurudia lile lile mara 20 bila ya kufikiri ni ukaidi tu. Anayevumilia hujaribu tena, lakini kila jaribio linamfundisha kitu.

Basi twende pole pole. Nilitaka nini? 750. Nimepata nini? 450300. Kuna fununu ndani yake? Ndiyo: namba hazikujumlishwa, zimeunganishwa, ya pili imebandikwa mkiani mwa ya kwanza. Sasa uliza: je, alama ya kujumlisha ndiyo mbovu? Hilo unaweza kulijaribu. Andika 450 + 300 moja kwa moja ndani ya programu. Inatoa 750. Vizuri, kumbe alama ni nzima. Basi tatizo liko kwenye kile kilichotoka kwenye kibodi. Na kweli: Python huchukua chochote kinachoingizwa kwa kibodi kama maandishi, hata ukiandika tarakimu. Na alama ya kujumlisha ikiwekwa kati ya maandishi na maandishi, huyaunganisha. Dawa yake ni kuyageuza maandishi kuwa namba nzima kwa amri iitwayo int, kabla ya kujumlisha.

Umeona? Hatukubahatisha hata mara moja. Tulidhani jambo, tukalipima, dhana moja ikaanguka, ikabaki nyingine. Na tulibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitano pamoja na programu ikapona, hujui ni kipi kilichoponya. Kesho likirudi, uko pale pale.

Usifunge laptopu bado. Jiulize: dada akiandika 450/= kama anavyoandika kwenye daftari lake? Programu itaanguka, kwa sababu ile alama si tarakimu. Akiandika 1,200 na mkato katikati? Itaanguka vile vile. Wewe ndiye unayejua dada yako anavyoandika, kompyuta haijui. Kufikiria mtu atakayeitumia ni sehemu ya kazi.

KATA KATIKATI

Programu ikiwa na mistari 100 na jibu la mwisho ni baya, utaanzia wapi? Fanya kama fundi wa maji. Maji hayafiki jikoni. Hachimbi mfereji mzima. Anafungua bomba katikati. Maji yapo? Basi kizuizi kiko mbele. Hayapo? Kiko nyuma.

Nawe pia. Katikati ya programu, iambie iandike kwenye skrini ilichonacho mpaka hapo. Ikiwa hesabu bado ni sahihi, kosa liko nusu ya chini. Umebakiwa na mistari 50. Kata tena: 25. Tena: 13 hivi. Kwa kawaida ukikata mara 7 tu, mistari 100 imebaki mmoja. Si uhodari huo, ni utaratibu, na mtoto wa miaka 12 anauweza.

MZEE WETU WA BAGHDAD

Kuna jina ambalo kila kijana wa madrasa anafaa kulijua: Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad, katika Bayt al-Hikma, karne ya 9. Jina lake lilipotamkwa kwa Kilatini ndilo lililozaa neno ambalo waandishi wa programu wote hulitumia leo, algorithi, yaani utaratibu wa hatua za kufikia jibu. Na neno al-jabr katika jina la kitabu chake ndilo aljebra unayofanya shuleni.

Lakini usiishie kujivunia jina. Tazama njia yake. Kwenye kitabu kile alizipanga hesabu za kutafuta kisichojulikana katika aina 6, na kila aina akaonyesha namna ya kuitatua. Kisha ukiletewa hesabu ngeni, kazi yako ni kuisogeza na kuisawazisha mpaka ifanane na mojawapo ya zile 6. Na sehemu kubwa ya kitabu ni masuala ya mirathi na wasia, mambo ya watu wenye shida halisi ya kugawana mali.

Hiyo ndiyo siri ya anayejitegemea. Hakariri majibu 1,000. Anachukua tatizo kubwa, analivunja vipande, na kila kipande anauliza: hiki kinafanana na kipi ninachokijua? Mwaka 1945 mwanahisabati George Pólya aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, akaligawa hatua 4: elewa tatizo, panga njia, itekeleze, kisha rudi utazame nyuma. Sisi wanafunzi tunapenda sana hatua ya tatu. Tunafungua kompyuta, vidole vinakimbia, na tatizo lenyewe hatujalielewa! Chukua karatasi kwanza. Andika kwa Kiswahili chako unachotaka programu ifanye, hatua kwa hatua. Usipoweza kuiandika kwa lugha ya mama, hutaiweza kwa Python.

MWELEZE BATA

Hili litakuchekesha. Kwenye kitabu kimoja cha mwaka 1999, Andrew Hunt na David Thomas wanaeleza juu ya mwandishi wa programu aliyekuwa na bata wa mpira mezani. Ukikwama, unamweleza bata programu yako mstari kwa mstari: huu unafanya hivi, huu unafanya vile. Bata hajibu. Lakini unapofika pale penye kosa, ulimi wenyewe unasita: "Na hapa inachukua... aa, kumbe!"

Huna bata? Mweleze paka. Mweleze bibi, naye atafurahi umekaa naye. Madrasa tulikuwa na murajaa, unamsomea mwenzako somo lako, naye pengine yuko nyuma yako. Aliyekuwa akifaidika zaidi ni nani? Ni wewe unayesoma kwa sauti. Jicho huruka, ulimi hauruki.

KUULIZA KUNA ADABU YAKE

Sasa msinifahamu vibaya. Kujitegemea si kukataa kuuliza. Kuuliza si ujinga, wazee wamesema. Lakini kuna kuuliza na kuna kujitupa.

Jiwekee nusu saa ya kupambana kweli kweli. Ikipita, uliza bila haya, lakini uje na mambo manne: nilitaka nini, nimeandika nini, kimetokea nini hasa, na nimejaribu nini tayari. Usije na "haifanyi kazi" peke yake. Hata daktari hukuuliza ni wapi panauma. Na mara nyingi utakapokuwa unayaandika hayo manne, jibu litakujia kabla hujamaliza.

Siku hizi kuna jambo ambalo kaka zetu waliotutangulia hawakuwa nalo: programu za akili bandia. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwishoni mwa mwaka 2022, mwanafunzi anaweza kubandika swali la mwalimu na programu nzima ikatoka kwa nukta chache. Simwambii mtu asiitumie. Ni chombo, kama kisu. Lakini wewe unayeanza, jiulize: unajifunza kuandika programu, au unajifunza kunakili? Aliyebebwa mgongoni amefika mjini, lakini njia haijui. Na chombo hicho wakati mwingine hutoa jibu lenye kosa kwa maneno matamu ya kujiamini. Nani atakayeliona kosa lile, ikiwa hujawahi kutafuta kosa kwa mikono yako?

Itumie hivi: iombe fununu, usiombe jibu. Iulize ujumbe wa kosa una maana gani. Ikikupa jibu, lisome, lifunge, kisha liandike mwenyewe bila ya kulitazama. Ukishindwa, hukulielewa bado. Siku ya mahojiano ya kazi utawekwa mbele ya tatizo na kalamu, na pale hapana wa kukubeba.

KWENU WAZAZI NA MNAOFUNDISHA

Wazazi wetu, mtoto akiwa amekaa kimya mbele ya skrini kwa dakika 20 bila ya kubonyeza, si lazima awe anacheza. Pengine hapo ndipo anapofanya kazi kubwa kuliko zote. Usimuulize, "Umemaliza?" Muulize, "Leo umekwama wapi, na umejaribu nini?" Hata kama hujui kompyuta, swali hilo litamsaidia zaidi ya mwalimu. Na binti akikwama, msiwe wepesi wa kumwambia "Achana nayo, mpe kaka yako." Hilo neno moja linaweza kufunga mlango wa miaka.

Nanyi ndugu zangu mnaowasaidia wadogo: weka mikono nyuma! Ukimnyang'anya kibodi ukamrekebishia, umempa samaki na ndoana umeondoka nayo. Kaa ubavuni mwake. Muulize, "Barua inasemaje? Mstari wa ngapi? Unadhani ni nini? Tutajuaje?" Itakuchukua dakika 30 badala ya 2. Lakini mara ijayo hatakuita kwa kosa lile.

TUANZE USIKU HUU

Nimalizie kwa jambo la kufanya. Tenga nusu saa kila siku, si saa 6 za Jumamosi moja kisha mwezi mzima hapana. Bandu bandu huisha gogo. Chukua daftari la shilingi chache, kila kosa unaloshinda liandike: lilikuwa nini, nililionaje, dawa yake ilikuwa ipi. Wale mafundi wa Harvard walimbandika nondo wao. Nawe bandika wako. Ukichoka kabisa, lala. Mara ngapi tumelala na tatizo, tukaamka na jibu? Kupumzika ili urudi si kukimbia. Kukimbia ni kutorudi.

Baada ya miezi mitatu, lifungue daftari lile ukurasa wa kwanza. Utacheka. Yaliyokuliza wakati ule utayaona ni mchezo wa watoto. Na makosa bado utakuwa nayo, tena makubwa zaidi, lakini utayatazama kwa jicho jingine.

Na kama laptopu yako sasa hivi iko juu ya kabati, mwenzangu, wewe ndiye niliyekuwa nikizungumza nawe tangu mwanzo. Ishushe. Ipanguse vumbi. Fungua ile programu iliyokukatalia, tazama mstari wa mwisho wa yale maandishi mekundu, na uusome neno kwa neno. Usiku wa leo fanya hilo tu.